Prosesa na kadi ya grafiki kwa skrini za Hz nyingi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yametoka kwa watu ninaowaundia na kuwarekebishia kompyuta za gemu hapa Dar es Salaam, na mengine hunifikia kwa simu kutoka Mwanza, Mombasa na hata Muscat. Nimeyapa namba ili jibu moja likupeleke kwenye jingine bila mimi kurudia maneno. Kama una haraka, soma la 3 na la 6.

## Msingi

1. Hz za skrini na FPS ni kitu kimoja?

Hapana. Hz ni mara ngapi skrini inabadilisha picha ndani ya sekunde moja. FPS ni picha ngapi, yaani fremu, ambazo kompyuta inazitengeneza ndani ya sekunde hiyohiyo. Skrini ya 144 Hz ikiletewa fremu 70 haina miujiza: utaona fremu 70, nyingine zikirudiwa. Kompyuta ikitoa fremu 300 kwenye skrini ya 60 Hz, utaona 60 tu, ingawa kipanya kitahisi chepesi kidogo kwa sababu kila fremu unayoiona imetengenezwa punde.

Ukitaka kuelewa kwa nini Hz nyingi ni kazi nzito, hesabu muda badala ya fremu. Kwenye 60 Hz kompyuta ina milisekunde 16.7 za kumaliza fremu moja. Kwenye 144 Hz zinabaki 6.9, kwenye 240 Hz ni 4.2, na kwenye 360 Hz ni 2.8. Kila kifaa kwenye mnyororo lazima kimalize kazi yake ndani ya muda huo, kila mara, bila kuchelewa.

2. Prosesa inafanya nini, na kadi inafanya nini?

Fikiria kibanda cha chipsi. Prosesa ndiye anayepokea oda: mchezaji amesimama wapi, risasi imempata nani, mlango umefunguka au bado, nani ametupa bomu la moshi. Akishajua yote anaandika orodha ya vitu vya kuchorwa. Kadi ndiye mkaangaji: anachukua orodha na kuchora pikseli moja moja, pamoja na vivuli na mwanga. Mpokea oda akiwa mzito, mkaangaji anasimama mikono nyuma hata kama ana majiko sita.

Jambo ambalo wengi hawaambiwi dukani ni kwamba ukubwa wa picha unaiumiza kadi, prosesa haiguswi sana. Picha ya 1080p ina pikseli 2,073,600. Ya 1440p ina 3,686,400, na ya 4K ina 8,294,400, yaani mara nne ya 1080p. Lakini ramani ni ileile, wachezaji ni walewale na risasi ni zilezile. Kazi ya prosesa haijaongezeka. Inaongezeka pale unapotaka fremu nyingi zaidi kwa sekunde.

3. Kwa hiyo nianze kununua kipi?

Anza na gemu unayocheza na skrini unayoitaka. Hizo mbili zinakuambia unahitaji fremu ngapi. Kisha chagua prosesa inayoweza kufikisha fremu hizo kwenye gemu hiyo. Mwisho ndipo uchague kadi inayoweza kuchora fremu hizo kwa ukubwa wa picha wa skrini yako.

Watu wengi hapa kwetu wanafanya kinyume. Wanatafuta kadi kubwa kuliko zote wanayoweza kuilipia, wanaichomeka kwenye kompyuta iliyokuwa ikifanya kazi za uhasibu ofisini, halafu wanashangaa. Kwenye 60 Hz mpangilio huo ulikuwa unapita. Kwenye 144 Hz na kuendelea haupiti, kwa sababu prosesa ndiyo dari ya chumba: kadi inaweza kukuacha chini ya dari, haiwezi kukupandisha juu yake.

4. Watu wakisema prosesa "inaibana" kadi, kuna kitu kitaungua?

Hakuna kitakachoungua. Kadi inayosubiri inapumzika tu, na inatumia umeme mdogo. Tena kila kompyuta ina kitu kinachobana, siku zote. Kisingekuwepo ungepata fremu zisizo na mwisho. Swali la maana ni moja: kinachobana kinakubana juu au chini ya Hz za skrini yako? Ukibanwa kwenye fremu 190 na skrini yako ni ya 144 Hz, endelea na maisha.

5. Kuna tovuti zinazotoa asilimia ya kubanana kati ya prosesa na kadi. Niziamini?

Mimi siziamini. Prosesa na kadi zilezile zinaweza kubanwa upande wa prosesa kwenye Valorant na upande wa kadi kwenye Cyberpunk 2077, jioni hiyohiyo, kwenye meza hiyohiyo. Namba moja haiwezi kueleza yote mawili.

## Kupima kilichopo

6. Nitajuaje ni kipi kinachonibana?

Unahitaji programu inayoonyesha namba juu ya gemu ikiendelea. MSI Afterburner pamoja na RivaTuner ni za bure na zinatosha. Washa vitu vitatu: FPS, asilimia ya kazi ya kadi, na muda wa kila fremu. Ondoa V-Sync (mpangilio unaozifunga fremu kwenye Hz za skrini) na kikomo chochote cha FPS, kisha cheza mechi ya kweli, maana ramani tupu ya mazoezi inadanganya. Kadi ikikaa kwenye asilimia 95 hadi 99, kadi ndiyo inayobana. Ikikaa chini ya hapo kwa muda mrefu na FPS haipandi, prosesa au RAM ndiyo inayobana.

Ukitaka uhakika, shusha ukubwa wa picha ndani ya gemu, kwa mfano kutoka 1080p hadi 720p. FPS ikipanda sana, ulikuwa unabanwa na kadi. Ikibaki palepale, kadi haina kosa.

Kijana mmoja aliniletea kompyuta yake Jumamosi asubuhi amenuna. "Fundi, hii kadi wamenipiga, ni feki." Ndani kulikuwa na Core i7-4770, prosesa ya mwaka 2013, na RTX 3060 ambayo plastiki yake ya kinga ilikuwa bado haijabanduliwa. Skrini ilikuwa ya 144 Hz. Counter-Strike 2 (CS2) ilikuwa inazunguka kwenye fremu 80 hadi 110, na moshi ukitupwa inaanguka kuelekea 60. Kadi ilikuwa inasoma asilimia 47. Nikashusha picha hadi 720p mbele yake, fremu hazikusogea. Alikaa kimya, akaangalia zile namba, akauliza, "Kwa hiyo hela yangu imelala?" Ilikuwa imelala kweli, ila haikupotea. Miezi michache baadaye alirudi na ubao mama mpya, Core i5-12400F na RAM mbili za DDR4. Kadi ileile, skrini ileile, na zile 144 Hz zikaanza kujaa.

7. Lakini prosesa yangu inasoma asilimia 40 tu. Itakuwaje ndiyo inayobana?

Asilimia hiyo ni wastani wa viini vyote, yaani sehemu za prosesa zinazofanya kazi sambamba. Gemu nyingi zina kazi moja kuu ambayo haigawanyiki: lazima ifanywe na kiini kimoja, hatua kwa hatua. Kiini hicho kikijaa, gemu imefika mwisho wake, hata kama vingine vimekaa bure. Ndiyo maana prosesa ya viini sita vya kisasa inaipita ya viini vingi vya zamani iliyotolewa kwenye seva. Zile Xeon za bei ya kutupa zenye viini 14 zinavutia kwenye karatasi, lakini kwa 144 Hz nakushauri uzipite.

Kwa hiyo angalia asilimia ya kadi kama nilivyoeleza kwenye la 6, na uachane na wastani wa prosesa.

8. FPS inasoma 160, lakini gemu inakwama kwama. Tatizo ni nini?

Wastani unaficha. Fremu 159 zinaweza kutoka vizuri halafu moja ikachukua milisekunde 60, nawe ukahisi mshtuko. Ndiyo maana wapimaji hutoa namba ya pili, FPS ya asilimia 1 ya fremu mbaya kuliko zote. Kwa mchezaji wa Hz nyingi namba hiyo ina uzito kuliko wastani.

Sababu za kawaida ni RAM ya 8 GB iliyojaa, RAM moja badala ya mbili (la 15), gemu kuwekwa kwenye diski ya kuzunguka badala ya SSD, kumbukumbu ya kadi kujaa kwa sababu umeweka ubora wa picha juu mno, au joto (la 24). Kwenye gemu mpya kuna kukwama kwa mara ya kwanza unapoingia eneo jipya, wakati draiva inatayarisha maelekezo ya vivuli na mwanga. Hiyo hupungua ukicheza tena.

## Kuchagua jozi

9. Nataka 144 Hz kwenye 1080p. Jozi gani inatosha?

Kwa Valorant, CS2, League of Legends, Dota 2 na Fortnite yenye mipangilio myepesi, Core i5-12400F au Ryzen 5 5600, zote za mwaka 2022, pamoja na RX 6600 au RTX 3060, ni jozi ninayoirudia tena na tena. Prosesa zote mbili zina viini sita na nyuzi kumi na mbili. RX 6600 inatumia wati 132 na inaridhika na plagi moja ya pini nane, jambo linalookoa hela kwenye pawa saplai. RTX 3060 ya 12 GB inakula wati 170, ila ina kumbukumbu ya ziada na DLSS (la 19).

Kwa gemu kubwa za hadithi jozi hii haitafika 144 ukiweka kila kitu juu kabisa. Itafika 70 hadi 90 kwenye nyingi, nawe utashusha vivuli. Sioni ubaya: gemu za hadithi haziombi Hz nyingi kama zile za kulenga shabaha.

10. Na 240 Hz au zaidi?

Hapa ndipo prosesa inapodai heshima yake. Milisekunde 4.2 ni chache, na muda mwingi unapotea prosesa ikisubiri data kutoka kwenye RAM. AMD walilitatua hilo mwaka 2022 kwa Ryzen 7 5800X3D: walipachika kumbukumbu ya ziada juu ya prosesa yenyewe, kumbukumbu hiyo, iitwayo L3, ikafika MB 96 wakati ndugu yake 5800X ana MB 32. Data ya gemu ikikaa karibu, kusubiri kunapungua. Ikafuata 7800X3D mwaka 2023, kisha 9800X3D mwishoni mwa 2024. Mchezaji wa CS2 mwenye skrini ya 360 Hz asihangaike kutafuta kwingine.

Kama bajeti haifiki huko, Ryzen 5 7600 yenye DDR5 ni mwanzo mzuri kwa 240 Hz, kwa sababu tundu lake la AM5 litakuruhusu kupandisha X3D baadaye bila kubomoa nyumba nzima.

Kadi je? Wachezaji wa 240 Hz karibu wote hushusha ubora wa picha ili wamwone adui vizuri. Kwa hiyo kadi ya kati kama RTX 4060 kwenye 1080p inawatosha wengi wao. Nimeona mtu akinunua kadi ya mamilioni kucheza Valorant kwenye mipangilio ya chini. Hela ni zake.

11. Nikihamia 1440p, ninabadilisha nini?

Kadi tu, mara nyingi. Pikseli zimeongezeka kwa asilimia 78, na kama nilivyosema kwenye la 2, prosesa haiguswi. Kwa 1440p ya 165 Hz ninapendekeza kuanzia RX 7800 XT ya 16 GB au RTX 4070 Super ya 12 GB. Kama prosesa yako ilikuwa inafikisha fremu 150 kwenye 1080p, itazifikisha hapa pia, kadi ikiweza.

12. Nina kompyuta ya ofisi ya mtumba, Dell OptiPlex au HP EliteDesk. Naweza kuweka kadi nikacheza 144 Hz?

Hili naulizwa kuliko yote, maana mashine hizi zimejaa kuanzia Kariakoo hadi Luthuli Avenue kule Nairobi, na bei yake inashawishi. Jibu linategemea kizazi cha prosesa na ukubwa wa kasha.

Kizazi cha 4, kama i5-4570 na i7-4770, ni cha 2013. Kwa 60 Hz bado kinajikokota. Kwa 144 Hz, Valorant inaweza kukaribia siku njema. CS2 haitakaa hapo. Counter-Strike ya zamani ilikuwa nyepesi, lakini Septemba 2023 ilibadilishwa na CS2, ambayo inaila prosesa zaidi, kwa hiyo ushuhuda wa rafiki yako wa mwaka 2019 haukusaidii tena. Kizazi cha 6 na cha 7 kina viini vinne tu, nacho kinachoka haraka. Kizazi cha 8, kama i5-8500 yenye viini sita, ndicho cha kwanza ninachokubali kukiwekea kadi ya maana.

Kabla hujalipa, fungua mfuniko. Pawa saplai nyingi humo ni za wati 180 hadi 300, na plagi zake si za kawaida: OptiPlex 9020, kwa mfano, inaulisha ubao mama kwa pini nane badala ya 24, kwa hiyo huwezi kuchomeka pawa saplai ya dukani bila adapta. Hakuna plagi ya ziada ya kadi. Hapo unabaki na kadi zinazokula umeme kutoka kwenye tundu lenyewe, wati 75, kama GTX 1050 Ti na baadhi ya GTX 1650. Kwenye kasha jembamba lazima kadi iwe fupi kwa kimo, na hizo bei yake iko juu kwa sababu kila mtu anazitafuta.

Tafadhali usitumie adapta ya waya wa SATA, ule wa diski, kuipa umeme kadi kubwa. Nimeshika plagi moja ya namna hiyo iliyokuwa imeyeyuka ikawa kama ubani.

Jambo la mwisho: msaada wa Windows 10 ulikoma Oktoba 2025, na Windows 11 haikubali rasmi prosesa za Intel zilizo chini ya kizazi cha 8. Valorant kwenye Windows 11 inadai pia TPM 2.0 na Secure Boot, ambavyo ni vitu vya usalama vya kompyuta. Ukiweka Windows 11 kwa njia za panya kwenye mashine ya kizazi cha 4, Valorant inaweza kukufungia mlango.

13. Naweza kubadilisha prosesa bila kubadilisha ubao mama?

Inategemea tundu. Wenye bahati ni watu wa AM4, tundu la AMD: bao nyingi za mwaka 2017, hata zile za bei ya chini za A320, zilipata BIOS (programu ya msingi ya ubao mama) ya kukubali Ryzen 5000. Mtu mwenye Ryzen 5 2600 anaweza kuhamia 5600 au 5700X3D kwenye ubao uleule. Pandisha BIOS kwanza ukiwa na prosesa ya zamani bado ndani, umeme ukiwa wa uhakika. Umeme ukikatika katikati, ubao unaweza kufa.

Kwa Intel, LGA1700 inabeba kizazi cha 12 hadi cha 14. Jihadhari na LGA1151: tundu ni moja kwa jina, lakini prosesa za kizazi cha 8 na 9 hazifanyi kazi kwenye bao za kizazi cha 6 na 7.

14. Nimepata i7 au i9 ya kizazi cha 13 iliyotumika, bei nzuri. Nichukue?

Uliza kwanza imetumika na BIOS gani. Mwaka 2024 Intel walikiri kwamba baadhi ya prosesa za kizazi cha 13 na 14 zilikuwa zikiharibika polepole kwa sababu ya volti iliyopanda kupita kiasi. Wakatoa marekebisho ya BIOS Agosti mwaka huo na kuongeza udhamini kwa miaka miwili. Marekebisho yanazuia uharibifu, hayaponyi prosesa iliyokwisha kudhurika. Ya mtumba, iliyokaa miezi mingi bila marekebisho, ni kununua mbuzi kwenye gunia. Hata muuzaji mwaminifu hawezi kujua.

15. RAM ina uhusiano gani na haya yote?

Mkubwa kuliko watu wanavyodhani, hasa prosesa ikiwa ndiyo inayobana. Weka mbili badala ya moja, hata kama jumla ni ileile: 8 GB mara mbili inapitisha data kwa njia mbili. Kisha ingia BIOS uwashe XMP, au EXPO kwa AMD. RAM ya 3200 isipowashwa hivyo hukimbia kwenye 2133 au 2400, na wenye nayo hukaa miaka bila kujua. Kwa DDR4 lenga 3200 hadi 3600, kwa DDR5 lenga 6000. Kiasi: 16 GB ndicho cha chini.

16. Pawa saplai ya wati ngapi, na UPS je?

Kwa RX 6600 watengenezaji wanashauri wati 450. Kwa RTX 3060 na RTX 4060 ni 550. Chukua yenye jina linalofahamika, na uipime mkononi: zile nyepesi kama boksi tupu zilizoandikwa wati 700 huwa hazina hizo wati.

UPS ya 650 VA hubeba takribani wati 360 hadi 390. Jozi ya la 9 pamoja na skrini inakaa humo, ila kwa dakika chache tu: za kumaliza raundi na kuzima vizuri, wala si za kumaliza mechi.

## Skrini, waya na mipangilio

17. Nimenunua skrini ya 144 Hz, sioni tofauti yoyote.

Nenda kwenye mipangilio ya onyesho ya Windows, ingia sehemu ya ziada, uangalie Hz zilizochaguliwa. Mara nyingi utakuta 60, maana Windows haipandishi yenyewe. Kama 144 haimo kwenye orodha, kosa liko kwenye waya. Tumia DisplayPort. HDMI 2.0 inatosha kwa 1080p ya 240 Hz, lakini skrini nyingi za zamani zina tundu la HDMI 1.4 linaloishia 120 au chini. Adapta za VGA tupa.

Kisha angalia waya umechomekwa wapi nyuma ya kompyuta. Uko kwenye kadi au kwenye ubao mama? Usicheke, nimepanda bodaboda hadi Mbezi kuhamisha waya mmoja.

18. V-Sync, FreeSync, G-Sync: niwashe ipi?

FreeSync na G-Sync zinaifanya skrini isubiri kadi: fremu ikiwa tayari ndipo skrini inabadilika. Washa mojawapo kama skrini yako inayo. Tangu mwaka 2019 kadi za NVIDIA zinakubali skrini nyingi za FreeSync. Kisha weka kikomo cha FPS chini kidogo ya Hz zako, kama 138 hadi 141 kwa skrini ya 144, ili usitoke nje ya eneo lake. V-Sync peke yake inachelewesha kipanya. Wachezaji wa ushindani huizima.

Kikomo cha FPS kina faida nyingine ambayo haisemwi sana: kompyuta inapoa na muda wa fremu unatulia.

19. DLSS na FSR zitaniongezea FPS?

Kama kadi ndiyo inayobana, ndiyo. Zinachora picha ndogo kisha kuikuza. DLSS kwenye daraja la ubora, kwa mfano, inachora 720p na kuonyesha 1080p. Kama prosesa ndiyo inayobana, hutapata kitu, kwa sababu ileile iliyofanya jaribio la 720p kwenye la 6 lishindwe kuongeza fremu.

20. Na zile fremu za kubuniwa, je?

Kadi za RTX 40 na kuendelea, na FSR 3 kwenye nyingine nyingi, zinaweza kubuni fremu katikati ya mbili za kweli. Hii ndiyo njia pekee ambayo kadi inaonekana kuipita dari ya prosesa, na kwa macho inapendeza. Lakini kipanya chako hakiguswi na fremu ya kubuniwa, na kuna kuchelewa kidogo kunakoongezeka. Itumie kwenye gemu za hadithi ukiwa tayari na fremu 60 za kweli. Kwenye CS2 na Valorant haipo, na hakuna anayeililia.

## Ya pembeni

21. Kadi mpya itapunguza ping?

Hapana. Ping ni muda wa data kwenda kwenye seva ya gemu na kurudi, na inategemea umbali na mtandao wako. CS2 kwa mfano ina seva Dubai na Afrika Kusini. Hata RTX 5090 haiisogezi Dubai karibu na Tanga.

22. Laptopu mbili zote zina RTX 4060. Kwa nini bei zinatofautiana hivyo?

Kwa sababu jina ni moja lakini umeme ni tofauti. RTX 4060 ya laptopu inaweza kuruhusiwa wati 35 au hadi 115, kadiri mtengenezaji alivyoamua, na tofauti ya fremu ni kubwa. Uliza wati kabla ya kuuliza rangi. Cheza ikiwa imechomekwa kwenye umeme. Ukitumia skrini ya nje, tafuta tundu linalounganishwa moja kwa moja na kadi.

23. Televisheni yangu imeandikwa 200 Hz. Niitumie?

Namba hizo mara nyingi ni za matangazo. Paneli yenyewe ni ya 50 au 60 Hz, iliyobaki ni ujanja wa kulainisha picha unaochelewesha kipanya. Unganisha kompyuta, angalia kama la 17. Windows ikikupa 60 tu, ndiyo hiyo.

24. Gemu inaanza vizuri, baada ya nusu saa FPS inashuka.

Joto. Prosesa nyingi hujipunguza mwendo zikifika kati ya nyuzijoto 90 na 100. Chumba cha Dar mwezi Februari kinaanza juu tayari, na vumbi kwenye feni linamalizia. Puliza vumbi, badilisha pesti ya kupitisha joto iliyo juu ya prosesa kama imekauka, usiegemeze kasha ukutani.

25. Nina ubao wa zamani wenye tundu la kadi la PCIe 3.0. Kadi mpya itapungua nguvu?

Nyingi hupungua kidogo tu. RX 6600 na RTX 4060 zinatumia njia nane badala ya 16, na hasara yake ni ndogo. Ya kukwepa ni RX 6500 XT: ina njia nne na kumbukumbu ya 4 GB, kwa hiyo kwenye PCIe 3.0 inanyongwa.

Intel Arc B580 ni kisa kingine. Kadi ni nzuri na ina 12 GB, lakini inahitaji Resizable BAR (mpangilio wa BIOS unaoiruhusu prosesa kuifikia kumbukumbu yote ya kadi), na ilipotoka mwishoni mwa 2024 draiva yake ilionekana kuibebesha prosesa mzigo mkubwa. Kwenye Ryzen 5 2600 ilipoteza fremu nyingi kuliko kadi za bei yake. Kwa mtu wa Hz nyingi mwenye prosesa ya zamani, nampeleka RX 6600 bila kusita.

26. Nikirusha mechi moja kwa moja mtandaoni, nahitaji prosesa kubwa zaidi?

Si lazima. Kwenye OBS, programu ya kurushia, chagua usimbaji wa kadi, NVENC kwa NVIDIA, ili prosesa ibaki na gemu. Ukichagua x264, usimbaji unaofanywa na prosesa, unampa mpokea oda kazi ya kukaanga pia.